Mpiganaji Anapwaya Mezani: Dalili, Chanzo na Tiba

Umetunga mchezo wako wa kuigiza wahusika: meza, dadu, karatasi, mapango yenye mazimwi na joka mwishoni. Mchawi amekaa sawa. Mwizi anapendwa. Lakini mpiganaji, yule uliyedhani utamaliza kumwandika kwa jioni moja, kila akichezwa kuna kitu hakijatulia. Mchezaji wake halalamiki sana. Mchezo ukiisha anauliza tu kama mara ijayo anaweza kubadili mhusika.

Mifano yangu mingi inatoka kwenye mchezo wa Dungeons & Dragons (D&D). Kada hii (yaani aina hii ya mhusika) ilianzia humo mwaka 1974, ikiwa mojawapo ya kada tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi alikuja mwaka uliofuata. Tangu hapo mchezo huo umekuwa ukimtibu mgonjwa huyuhuyo kwa nusu karne, kila toleo na dawa yake, kwa hiyo vipimo na majibu yake viko wazi kwa anayetaka kujifunza.

Kabla ya kuendelea, weka chini kalamu unayotaka kuongezea madhara. Karibu kila mtunzi akisikia mpiganaji wake hapendezi anakimbilia kukuza dadu ya upanga au kugeuza nyongeza ya +1 iwe +2. Kwenye meza nyingi mpiganaji anaumiza vya kutosha. Kinachokosekana ni uamuzi wa kufanya ndani ya zamu yake, au mkono wa kuigusa dunia nje ya vita. Kumwongezea madhara hapo ni kutia chumvi kwenye mboga iliyoungua.

Kwanza pima

Vipimo viwili vinatosha, na kimoja tu ndicho cha hesabu.

Cha hesabu: uwezekano wa pigo kupata, mara wastani wa madhara, mara idadi ya mapigo. Kwa kanuni za D&D za 2014, mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye nguvu 18 anaongeza 7 kwenye dadu ya pande ishirini. Adui mwenye ulinzi wa 15 anapatikana dadu ikionyesha 8 na kuendelea, yaani asilimia 65. Upanga wa mikono miwili ni dadu mbili za pande sita na nyongeza ya 4, wastani 11. Anapiga mara mbili kwa zamu: 0.65 × 11 × 2 ni 14.3, na ukiingiza mapigo makuu ya dadu kuonyesha 20 (dadu za madhara zinarushwa maradufu) unafika 15.

Mchawi wa ngazi hiyohiyo anarusha mpira wa moto wa dadu nane za pande sita, wastani 28, nusu yake kwa anayefaulu kujiokoa kwa dadu. Ukiwapata maadui wanne na wawili wakajiokoa, jumla ni 84. Tofauti inatisha mpaka ukumbuke kwamba uwezo wa daraja hilo anao mara mbili tu kwa siku, ukiacha mmoja anaoweza kuurudisha kwa mapumziko mafupi. Siku yenye mapambano sita ya raundi nne kila moja, mpiganaji atatoa kama 360, na mipira miwili ya moto ni 168, mchawi akijazia na uchawi mdogomdogo. Siku yenye pambano moja tu, mpiganaji anatoa 60 na mchawi bado ana 168 zake. Tunza namba hizo, tutazirudia.

Kipimo cha pili ni karatasi tupu. Kila zamu ya mpiganaji, andika kitenzi alichotumia mchezaji. Usiandike madhara, andika kitenzi tu. Baada ya pambano moja utakuwa umeshajua uko kwenye dalili ipi.

Dalili: "Nampiga." "Nampiga tena."

Karatasi ina kitenzi kimoja kuanzia juu mpaka chini. Dalili hii inaonekana kuliko zote na ndiyo inayotibiwa ovyo kuliko zote, kwa sababu ina vyanzo vitatu.

Kwanza, huenda hakuna chaguo kabisa. Soma ukurasa wake. Kama hakuna kitu zaidi ya kushambulia, umepata jibu.

Pili, na hapa ndipo watunzi wengi wanapokwama, chaguo zipo lakini kila moja inagharimu kuliko inavyolipa. Toleo la tatu la D&D, la mwaka 2000, lilimruhusu mtu yeyote kumpiga adui ngwala, kumnyang'anya silaha au kumkaba. Kwenye karatasi mpiganaji alikuwa na utajiri. Mezani, bila kipaji maalum kwa kila kimojawapo, kujaribu tu kulimpa adui nafasi ya kukupiga bure kabla hujafanya lolote. Ukishindwa, zamu imekwenda. Mchezaji mwenye akili anapiga hesabu hiyo mara moja tu maishani, kisha anarudi kwenye upanga wake na haondoki tena. Mtunzi naye anashangaa: mbona nimewapa ngwala na hawaitumii?

Dawa ni kuibandika athari juu ya pigo, badala ya kuiweka mahali pa pigo. Mchezaji asilazimike kuchagua kati ya kuumiza na kufanya jambo la maana. Afanye vyote, na uamuzi uwe ni jambo lipi. Njia zilizojaribiwa zipo nyingi, nami nitataja tatu zenye tabia tofauti.

Toleo la 2014 lilikuwa na tawi la mpiganaji wa mbinu, anayepata dadu nne za pande nane kuanzia ngazi ya 3. Pigo likishapata, anaweza kutumia dadu moja: inaongezeka kwenye madhara na adui asipojiokoa anaangushwa, au anasukumwa, au anatishwa. Uzuri wake ni kwamba dadu haipotei kwenye pigo lililokosa. Ubaya wake ni kwamba zikiisha, unarudi kwenye "nampiga" mpaka upumzike.

Marekebisho ya 2024 yaliiweka athari kwenye silaha yenyewe, bila kuhesabu matumizi. Nyundo ya vita inamsukuma adui futi 10. Shoka la vita linaweza kumwangusha asipojiokoa. Mkuki unamyumbisha, pigo lake linalofuata liwe na mkosi: anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Mpiganaji wa ngazi ya 1 anazimudu aina tatu za silaha kwa namna hii, na kwa ghafla kubadilisha silaha katikati ya vita kuna maana. Kwa mtunzi anayeanza, hii ndiyo ningeichukua: haina hazina ya kuhesabu, na ukurasa wa silaha, ambao kila mchezo unao na hakuna anayeusoma, unapata kazi.

Mchezo wa Dungeon Crawl Classics, wa 2012, una njia ninayoipenda kuliko zote japo si ya kila meza. Mpiganaji hana nyongeza isiyobadilika ya kushambulia. Ana dadu ndogo, ya pande tatu akiwa ngazi ya 1, inayokua naye. Kabla ya kurusha anatangaza kishindo: namtupia mchanga machoni, nakata kamba ya taa imwangukie. Dadu ile inaongezwa kwenye shabaha na kwenye madhara, na kama pigo limepata na dadu ndogo imeonyesha 3 au zaidi, kishindo kinatokea. Hakuna orodha ya mbinu ya kukariri. Msimulizi (anayeendesha mchezo) akiwa mwoga ataiua. Msimulizi mkarimu atapata mchezaji ambaye karatasi yake ya vitenzi haina neno linalojirudia.

Chanzo cha tatu hakimo kwenye kada. Ni uwanja mtupu. Chumba cha mraba, mazimwi matatu, basi. Kumsukuma mtu futi 10 kwenye sakafu tupu ni kumpunguzia safari ya kukimbia. Jaribu hivi: muulize mchezaji angefanya nini kama adui angekuwa amesimama ukingoni mwa kisima. Macho yakimng'aa, kada yako ni nzima, na cha kurekebisha ni ukurasa wa msimulizi: andika kwamba kila pambano liwe na kitu cha kuangukia, kitu cha kujificha nyuma yake na kitu cha kuvunja. Akisema "ningempiga vilevile", rudi kwenye chanzo cha kwanza na cha pili.

Kuna onyo hapa. Wapo watu wanaopenda "nampiga". Wametoka kazini, wamekaa na marafiki, wanataka kurusha dadu na kucheka. Ukiwabebesha orodha ya mbinu ishirini umewaonea. Kabla ya kutibu, hakikisha aliyechoshwa ni mchezaji na si wewe mtunzi unayemtazama. Acha tawi moja la mpiganaji liwe jepesi, na liwe jepesi kwelikweli.

Dalili: ngazi za chini anang'ara, ngazi za juu anafifia

Ngazi ya 2 kila mtu anajificha nyuma yake. Ngazi ya 12 yeye ndiye anayebebwa: mchawi anawapeleka mji mwingine kwa neno moja, kasisi anafufua wafu, na mpiganaji anapiga mara tatu badala ya mbili.

Wengi wanasema chanzo ni mchawi kukua mno. Ni kweli kwa nusu. Mchawi anakua kwa njia tatu kwa pamoja: idadi ya uchawi, ukubwa wake, na aina za mambo anayoweza. Mpiganaji anakua kwa ukubwa peke yake. Lakini nusu ya pili ya jibu iko kwenye historia. Mwaka 1978 mpiganaji wa D&D alikuwa na vitu ambavyo baadaye viliondolewa kimyakimya. Dhidi ya viumbe dhaifu kabisa alipiga mara nyingi kadiri ya ngazi yake. Wa ngazi ya 8 alipiga mara nane kwa raundi. Ngazi za juu alikuwa na uwezo bora kuliko wengi wa kujiokoa na sumu na uchawi. Akifika ngazi ya 9 alikuwa mtawala: akijenga ngome, askari wanamjia wenyewe na wakazi wanalipa kodi. Upande wa pili, mchawi alikuwa na uhai wa dadu ya pande nne kwa ngazi, na akipigwa kabla hajamaliza kunuiza, uchawi wake unapotea.

Toleo la 2000 lilimfungua mchawi breki nyingi na kumwondolea mpiganaji karibu vyote hivyo. Badala yake alipewa vipaji 11 vya ziada katika ngazi 20. Vipaji 11 ni vingi kwa kuhesabu, lakini karibu vyote vilikuwa vya kupiga.

Kwa hiyo ukikuta dalili hii, anza kwa kuuliza umeondoa nini. Watunzi wengi wanachukua mifupa ya mchezo wa zamani, wanatupa sehemu zinazoonekana za kizamani, mara nyingi ngome na askari, na hawaoni kwamba nguzo ilikuwa hapo.

Kisha ujiulize swali gumu zaidi: je, unakataa kumpa mpiganaji mambo makubwa kwa sababu "binadamu hawezi"? Mtunzi anayekubali mtu kuruka angani kwa sababu ni mchawi, halafu anakataa mtu kuvunja lango kwa bega kwa sababu si uhalisia, amekwishaamua nani atakuwa msindikizaji. Uhalisia huo haukuwepo hata mwanzoni. Chainmail, mchezo wa vita vya vinyago wa 1971 ambao D&D ilizaliwa kutoka humo, ulimhesabu shujaa mmoja sawa na watu wanne, na shujaa mkuu sawa na wanane.

Sisi wa pwani tuna kipimo chetu. Fumo Liongo hakuwa mchawi, lakini silaha haikumdhuru, isipokuwa msumari wa shaba kitovuni. Alipofungwa alipata tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, akakata minyororo huku ngoma na nyimbo alizozipanga mwenyewe zikifunika sauti ya chuma. Na alipokufa, alikufa amepiga goti kisimani na upinde umevutwa, watu wakaogopa kusogea kuchota maji kwa kudhani yu hai. Ukiyageuza hayo kuwa kanuni utapata mpiganaji wa ngazi ya 15 aliyekamilika: kinga kubwa yenye tundu moja, akili ya kutoka gerezani, sanaa, na jina linalowazuia maadui hata pasipo pigo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo +1.

Dalili: vita vikiisha, simu inatoka mfukoni

Kikundi kimefika mjini. Mwizi anasikiliza minong'ono, mchawi anasoma maandishi ya kale, kasisi anapokelewa hekaluni. Mpiganaji anaangalia ujumbe kwenye simu.

Chanzo ni karibu kila mara kwamba umemwandikia mwili bila kumwandikia maisha. Mfano mbaya kuliko yote ninaoujua uko kwenye toleo lile la 2000: mpiganaji alipata pointi mbili za stadi kwa ngazi, na stadi za kada yake zilikuwa kama kukwea, kuogelea, kuruka, kupanda farasi na kufunza wanyama. Kuona na kusikia hazikuwemo. Yaani askari aliyefunzwa, aliyelala maporini miaka kumi, hakuwa na ujuzi wa kukesha zamu ya lindo.

Dawa isiwe kumgeuza mwizi wa pili. Jiulize askari wa kweli anajua nini ambacho wengine mezani hawajui. Anatazama jeshi kwa mbali na kukadiria idadi yake. Anatazama ukuta na kujua utabomokea wapi. Anamtambua mtu aliyewahi kushika upanga kwa jinsi anavyosimama. Anajua bei ya farasi, njia za magendo, nani analipa askari wa kukodi na nani hulipa kwa kuchelewa. Walinzi wa lango wanaongea naye kabla ya kuongea na mchawi. Yape mambo hayo nguvu ya kanuni: yasiwe hisani ya msimulizi, yawe haki iliyoandikwa, kwa mfano "ukiitazama ngome kwa dakika kumi, uliza maswali mawili, msimulizi atajibu kweli."

Marekebisho ya 2024 yana dawa ndogo ambayo inashangaza kwa wepesi wake. Kuanzia ngazi ya 2, mpiganaji akishindwa jaribio lolote la uwezo, anaweza kutumia ile pumzi yake ya pili ya kujiponya ili aongeze dadu ya pande kumi kwenye jaribio. Akishindwa tena, matumizi hayahesabiwi. Hazina ileile ya vitani inafungua mlango wa nje ya vita, na mchezaji anaacha simu kwa sababu ana kitu cha kuamua. Hata hivyo, inabaki kuwa nyongeza ya namba. Ningeanza nayo, nisiishie nayo.

Dalili: maadui wanampita na kumwendea mchawi

Mpiganaji amevaa deraya, ana ngao, amesimama mlangoni. Mazimwi yanamzunguka na kwenda kumla mchawi. Mchezaji anajiona nguzo ya barabarani.

Chanzo: ulinzi wake mkubwa ni sababu ya kutomshambulia, na hakuna sababu ya kumshambulia. Ukimwongezea ulinzi unaongeza ugonjwa.

Toleo la nne, la 2008, lilikwenda moja kwa moja kwenye kidonda. Mpiganaji akimshambulia mtu, apate au akose, anamwekea alama. Mwenye alama akimshambulia mwingine bila kumhusisha mpiganaji anapunguziwa 2 kwenye dadu, na akiwa karibu anapigwa pia. Anayejaribu kupita akipatwa na pigo la nafasi, yaani pigo la bure la kumwadhibu anayepita, anasimama papo hapo. Msimulizi alibaki na uhuru wa kuchagua, ila kila chaguo lilikuwa na bei. Toleo hilo lilipata upinzani mkubwa kwa mambo mengine, na sidhani kama kuna lililomtendea haki mlinda mlango zaidi yake.

Mchezo mwingine, Pathfinder toleo la pili, 2019, umetumia uhaba. Pigo la kumwadhibu anayepita halikupewa kila mtu. Mpiganaji analo tangu ngazi ya 1, na viumbe wengi hawana. Mchezaji anapolitumia, meza nzima inaona kwamba hilo ni lake.

Kagua kanuni zako: kama kila mhusika anaweza kumpiga anayepita, mpiganaji hana alichopewa. Usimpe mapigo ya namna hiyo zaidi ya moja kwa raundi bila kufikiri, maana kila moja linakatiza zamu ya mtu mwingine.

Dalili: zamu inaisha bure

Amesubiri dakika kumi, amerusha, amekosa, "anayefuata." Kama pigo lake ni moja na linapata kwa asilimia 55, basi zamu 45 katika kila 100 hazina kitu. Gawa madhara yaleyale katika mapigo mawili na zamu tupu zinashuka mpaka 20. Wastani haujabadilika hata kidogo, ila mchezaji atakuapia kwamba umemwongezea nguvu. Njia nyingine ni kulifanya pigo lililokosa liache mkwaruzo: mchezo wa 13th Age unampa madhara sawa na ngazi yake, na upanga mkubwa wa D&D ya 2024 unatoa madhara sawa na nyongeza ya nguvu zake. Pathfinder walipandisha shabaha tu: mpiganaji anaanza na 2 zaidi ya wenzake, na kwa kuwa humo kuzidi ulinzi kwa 10 ni pigo kuu, hizo 2 zinamlipa kotekote.

Dalili: joka limeruka, mpiganaji anatazama juu

Kuna sababu mbili. Moja ni ya msimulizi, na mkuki wa kutupa au upinde unaitibu, mradi usiwe umemlazimisha mchezaji kutumia ngazi zake zote kwenye silaha moja hata akishika upinde aonekane mgeni. Ya pili ni yako: kanuni inayomnyang'anya mapigo akisogea. Toleo la 2000 lilimtaka asimame, asizidi hatua ya futi 5, ili apige mapigo yake yote. Mchawi wa toleo hilo alitembea na kunuiza bila shida. Toleo la 2014 lilifuta hilo na kumruhusu kusogea kati ya pigo na pigo. Kama una kanuni ya namna ile, futa leo.

Dalili: wiki hii simba, wiki ijayo hana kitu

Sasa rudi kwenye namba za mwanzo: 360 kwa 168, au 60 kwa 168. Mpiganaji huyo ni yuleyule. Kilichobadilika ni mapambano mangapi kabla ya kulala.

Mwongozo wa msimulizi wa 2014 ulikadiria mapambano sita hadi manane ya kawaida au magumu kwa siku, yenye mapumziko mafupi katikati. Jumamosi moja ya kucheza saa tatu haimalizi mapambano hayo, na wasimulizi wengi wanaandika moja kubwa au mawili kisha watu wanalala. Mchawi anamwaga vyote.

Hapa usiguse kada kwanza. Hesabu mapambano halisi kwenye meza za watu wanaojaribu mchezo wako, wala si yale unayotamani wacheze. Kama ni mawili, tunga kwa mawili: ama nguvu za mchawi zihesabiwe kwa pambano badala ya siku, ama siku ya mchezo iwe ndefu kwa kanuni (kulala kunawezekana mahali salama tu, kwa mfano). Ukimwongezea mpiganaji madhara ili alingane na mchawi wa pambano moja, kikundi kinachocheza mapambano sita kitamwona amekuwa kifaru.

Dalili: kila mhusika ana ngazi mbili za mpiganaji

Hii ni dalili ya vitu vizuri kuwekwa mlangoni. Mwaka 2000 ngazi ya 1 na ya 2 zilitoa kipaji cha ziada kila moja, na watu wakaondoka. Mwaka 2014 ngazi ya 2 ilitoa tendo la ziada kwa zamu moja, na wachawi wakaligundua haraka: uchawi wa pili mkubwa katika zamu moja. Mwaka 2024 waliandika tu kwamba tendo hilo halitumiki kwa uchawi. Fanya hivyo, au uifanye nguvu hiyo ikue kwa ngazi za mpiganaji peke yake.

Dalili: zamu yake inachukua muda mrefu

Mapigo manne, kila moja na dadu ya kupata, ya madhara, kisha kufikiri. Rusha zote pamoja kwa rangi: nyekundu na nyekundu ni pigo la kwanza, bluu na bluu la pili. Kama hilo halikusaidia, idadi ya dadu siyo inayochelewesha. Tazama ni wapi mchezaji anasimama kuwaza. Akiwaza baada ya dadu kutua, kanuni zako zinamuuliza swali kila pigo linapopata. Lihamishie swali kabla ya kurusha, atangaze kisha arushe, na wakati wa kuwaza utaangukia kwenye zamu za wenzake.